NANI ALIYETENDA? Kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa katika Kiingereza na Kichina



Tarehe 27 Januari, 1987, Rais Ronald Reagan wa Marekani alisimama mbele ya Bunge la nchi yake kutoa hotuba ya kila mwaka juu ya hali ya taifa. Wakati huo serikali yake ilikuwa imekumbwa na kashfa kubwa. Silaha zilikuwa zimeuzwa kwa siri kwa Iran, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa imepelekwa kwa wapiganaji wa Contra waliokuwa wakiipiga vita serikali ya Nicaragua. Wananchi walikuwa wakingoja kusikia Rais atasema nini. Aliyosema, kwa maneno ya Kiingereza, ni haya: "serious mistakes were made", yaani makosa makubwa yalifanywa.

Yalifanywa na nani? Sentensi haikusema. Kwa upande wa sarufi haikuwa na dosari, na mwalimu yeyote wa Kiingereza angeipa alama zote. Hata hivyo wasikilizaji wengi waliona kwamba wamepewa jawabu lisilojibu. Wiki tano baadaye, tarehe 4 Machi, Rais huyo huyo alirudi mbele ya taifa na safari hii akatumia nafsi ya kwanza na kitenzi cha kutenda: akasema kwamba anabeba dhamana yote ya vitendo vyake na vya serikali yake. Kati ya sentensi ya kwanza na ya pili, tofauti ya kisarufi ni ndogo mno. Tofauti ya uwajibikaji ni kubwa kama bahari.

Hiyo ndiyo sababu suala la kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa halifai kuachiwa wanafunzi wa kidato cha pili peke yao. Linamhusu kila mtu anayeshika kalamu kwa niaba ya wengine. Na njia nzuri ya kulielewa ni kuzitazama lugha mbili zisizo na udugu hata kidogo, Kiingereza na Kichina, kisha kuona kila moja inamweka wapi yule aliyetenda.

KITI KISICHOWEZA KUWA TUPU

Katika Kiingereza kauli ya kutendwa huundwa kwa kitenzi kisaidizi "be" na umbo la kitenzi kikuu lionyeshalo tendo lililokwisha. "The teacher wrote the letter", mwalimu aliandika barua, hugeuka kuwa "The letter was written by the teacher", barua iliandikwa na mwalimu. Mtendwa husogea mbele akawa kiima. Mtenda hurudishwa nyuma ya neno "by", au huachwa kabisa.

Wengi walifundishwa kwamba sentensi hizo mbili ni sawa na kwamba kugeuza moja kuwa nyingine ni zoezi tu. Si hivyo. Sentensi ya kwanza yajibu swali: mwalimu alifanya nini? Ya pili yajibu swali jingine: barua hii ilitoka wapi? Ukweli ni mmoja, lakini mlango wa kuingilia ni tofauti. Msomaji huanza na jambo analolijua na kuishia na jambo jipya, na kauli ya kutendwa ni chombo cha kulipanga hilo.

Tena Kiingereza kina sababu ya pekee ya kukihitaji chombo hiki. Lugha hiyo haikubali kiti cha kiima kiwe kitupu. Hata mvua inaponyesha, ambapo hakuna mtenda yeyote, Mwingereza hana budi aseme "it is raining", akiweka neno "it" mahali pale ili kiti kikaliwe. Basi mtu asiyemjua mtenda, au asiyetaka kumtaja, hawezi kukiacha kiti wazi. Humweka hapo mtendwa. Kwa hiyo kauli ya kutendwa ndiyo ruhusa rasmi ambayo Kiingereza kimempa msemaji ya kumwacha mtenda nje ya sentensi.

Ruhusa hiyo ina matumizi ya halali. Mtu akivunjiwa nyumba usiku na mwizi asijulikane, hapana ubaya kusema nyumba ilivunjwa. Barabara ikijengwa, na msomaji ataka kujua habari za barabara, hapana haja ya kumtaja mkandarasi katika kila mstari. Tangazo la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 lenyewe latamka kwamba watu wote wameumbwa sawa, na kwamba wamepewa na Muumba wao haki zisizoondoleka. Vitenzi vyote viwili ni vya kutendwa, na hakuna aliyefichwa. Waandishi walitaka watu wakae mwanzoni mwa sentensi, kwa kuwa watu ndio waliokuwa wakizungumzwa.

VITA DHIDI YA KAULI YA KUTENDWA

Hata hivyo, katika karne ya 20 walitokea wataalamu waliotangaza vita juu ya kauli hii. William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alichapisha mwaka 1918 kijitabu kwa ajili ya wanafunzi wake akiwahimiza watumie kauli ya kutenda. Kijitabu hicho kilipanuliwa na mwanafunzi wake wa zamani, E. B. White, na kutolewa upya mwaka 1959. Tangu hapo kimekuwa kama msahafu katika shule nyingi za nchi hiyo. Mwaka 1946 mwandishi Mwingereza George Orwell naye, katika insha yake juu ya siasa na lugha ya Kiingereza, aliweka kanuni kwamba palipo na uwezekano wa kutumia kauli ya kutenda, ya kutendwa isitumike.

Nia yao ilikuwa njema, lakini kanuni ilizidi kipimo. Insha ya Orwell yenyewe imejaa vitenzi vya kutendwa. Na mtaalamu wa isimu Geoffrey Pullum alionyesha mwaka 2009 kwamba, katika mifano minne ambayo kitabu cha Strunk na White kinaitoa kufundisha jambo hili, mmoja tu ndio wenye kauli ya kutendwa kwa kweli. Mingine ni sentensi dhaifu tu. Yaani hata waliokuwa wakimsaka mhalifu hawakuitambua sura yake.

Kosa hilo lina madhara. Mwalimu aliyefundishwa kwamba ubaya wote umo katika kauli ya kutendwa ataipigia mstari mwekundu sentensi "fedha ziliibwa na mtunza hazina", ambayo inamtaja mwizi waziwazi tena mwishoni, mahali ambapo sikio hukaa. Kisha ataiacha ipite sentensi "an error occurred", kosa limetokea, kwa kuwa kitenzi chake ni cha kutenda. Lakini ni ipi kati ya hizo mbili iliyomficha mtu? Makosa hayatokei kama uyoga baada ya mvua. Kuna mkono ulioyafanya.

MAGAZETI MAWILI, JUNI 1975

Mfano bora wa jambo hili unatoka kusini mwa Afrika. Tarehe 1 Juni, 1975, polisi wa serikali ya walowezi wa Rhodesia waliwapiga risasi na kuwaua Waafrika mjini Salisbury, ambao leo ni Harare. Kesho yake magazeti mawili ya Uingereza yalitoa habari hiyo. The Guardian liliweka polisi mwanzoni mwa kichwa cha habari, na kitenzi cha kutenda: polisi wapiga risasi na kuua. The Times liliwaweka mwanzoni Waafrika, tena likawaita wenye kufanya fujo, na kitenzi cha kutendwa: wapigwa risasi na kufa, na polisi wakaja baadaye. Katika maoni ya mhariri wa The Times polisi walitoweka kabisa. Kilichobaki kilikuwa fujo na kupotea kwa maisha kwa namna ya kusikitisha.

Habari hizo zilichunguzwa na Tony Trew, na uchunguzi wake ukachapishwa mwaka 1979. Alionyesha ngazi tatu za kushuka. Kwanza, mtenda ahamishwa kutoka mbele kwenda nyuma. Pili, mtenda aondolewa. Tatu, kitenzi chenyewe chageuzwa kuwa jina, na mauaji yawa "kupotea kwa maisha". Hapakuwa na haja ya kusema uongo. Sarufi peke yake ilifanya kazi.

KICHINA: BLANKETI LA MKOSI

Sasa inafaa kuelekea upande wa pili wa dunia. Katika Kichina kitenzi hakibadiliki umbo. Hakina kiambishi cha nafsi, wala cha njeo, wala cha kutendwa. Ma Jianzhong, aliyesoma Ufaransa na kutoa mwaka 1898 kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kichina kilichoandikwa na Mchina kwa kufuata mfano wa sarufi za Ulaya, alijaribu kuushonea mwili wa Kichina nguo kwa kipimo cha Kilatini.

Kifaa kinachojulikana zaidi ni neno "bei". Neno hilo huwekwa kabla ya mtenda na kitenzi: "Ta bei gou yao le", yeye-bei-mbwa-uma, yaani ameumwa na mbwa. Mtenda aweza kuachwa: "Qianbao bei tou le", pochi imeibwa. Mtu angedhani basi kwamba "bei" ni sawa na "was" ya Kiingereza au "-wa" ya Kiswahili. Lakini asili ya neno hili yaonyesha vingine. Herufi yake ni ile ile iandikwayo kwa blanketi au mfarishi wa kujifunikia. Kutoka maana ya kufunika likapata maana ya kupatwa, kufikwa, kuteseka na jambo. Kutoka hapo likawa alama ya kutendwa.

Kwa hiyo tangu zamani "bei" lilikuwa na harufu ya mkosi. Mtu aliumwa, aliibiwa, alikaripiwa, alifukuzwa: hapo "bei" lilistahili. Jambo la heri halikulihitaji. Shanghai ilipokombolewa mwezi Mei 1949, Wachina walisema "Shanghai jiefang le", Shanghai-komboa, bila "bei". Kukombolewa si msiba hata kuhitaji blanketi hilo.

Je, bila "bei" msikilizaji atajuaje kwamba Shanghai haikukomboa bali ilikombolewa? Atajua kwa akili na kwa mazingira. Kichina, tofauti na Kiingereza, chakubali kiti cha mtenda kiwe kitupu. Kinachotajwa mwanzoni si lazima kiwe mtenda. Ni lile jambo linalozungumzwa. Mtaalamu Yuen Ren Chao, katika sarufi yake ya Kichina cha mazungumzo ya mwaka 1968, alieleza kwamba sehemu ya kwanza ya sentensi ya Kichina ni mada, na ya pili ni maelezo juu ya mada hiyo. Ndiyo maana "Xin xie hao le", barua-andika-kwisha, hufahamika bila shida. Barua haziandiki.

Penye shaka, maana huwa mbili. Wanafunzi wa Kichina wote hukutana na sentensi hii: "Ji bu chi le", kuku-si-kula-tena. Ikisemwa bandani, maana yake kuku haendelei kula. Ikisemwa mezani, maana yake mla ameshiba, kuku hamtaki tena. Mwingereza hana budi achague sentensi mbili tofauti. Mchina huachia meza au banda limalize kazi ya sarufi.

Mswahili asicheke haraka. Yeye naye husema "kitanda hiki kinalala watu wawili", na kitanda hakijapata kufumba jicho. Mwingereza husema chumba "sleeps three", na Mchina husema "yi guo fan chi shi ge ren", sufuria moja ya wali-kula-watu kumi. Lugha zote tatu zinajua kwamba msikilizaji ana akili.

ANAYEFIKWA NA JAMBO

Iko sentensi nyingine ambayo wataalamu wa China wamebishana juu yake kwa miaka mingi: "Wang Mian si le fuqin". Neno kwa neno ni "Wang Mian-kufa-baba". Aliyekufa ni baba, lakini aliyekalia kiti cha mbele ni mwana. Katika Kiingereza kitenzi cha kufa hakiwezi kupangwa hivyo. Itabidi kusema baba wa Wang Mian alikufa, au Wang Mian alimpoteza baba. Mswahili hahangaiki hata kidogo. Husema "Wang Mian amefiwa na baba", na jambo limekwisha.

Mwalimu na atulie hapa kidogo. Katika neno "fiwa" Kiswahili kimechukua kitenzi kisicho na yambwa, kikakipa kiambishi cha kutendea, kisha cha kutendwa, na kumweka mbele yule anayebeba uzito wa tukio. Ndivyo ilivyo katika kunyeshewa na kuibiwa. Kichina hufikia lengo hilo hilo kwa kupanga maneno, Kiswahili kwa viambishi. Kumbe kauli ya kutendwa haikuwekwa kwa ajili ya kuficha mtenda tu. Iliwekwa pia ili anayefikwa na jambo apate kusikika. Chombo ni kimoja. Mkono unaokishika ndio unaotofautiana.

TAFSIRI NA NENO LA MWAKA

Katika karne ya 20, hasa baada ya harakati za tarehe 4 Mei, 1919, vitabu vingi vya lugha za Ulaya vilitafsiriwa kwa Kichina. Watafsiri walikuta vitenzi vya kutendwa katika kila ukurasa, na mahali pa kila kimoja wakaweka "bei". Mtaalamu Wang Li, katika maandishi yake ya miaka ya 1940, alieleza namna sarufi ya Kichina ilivyokuwa ikigeuka kwa kuiga Ulaya, na "bei" lilikuwa miongoni mwa mifano yake: neno la mkosi likaanza kutumika kwa mambo ya kawaida na hata ya heri, kama "bei xuan wei", kuchaguliwa kuwa.

Lakini harufu ya zamani haikutoka. Mwaka 2009 wahitimu wa vyuo nchini China waligundua kwamba katika orodha za vyuo vyao wameandikwa kuwa wamekwisha pata kazi, hali wako nyumbani. Likazuka neno "bei jiuye". "Jiuye" ni kupata kazi. "Bei" ni kufikwa. Kisarufi ni kosa, kwa kuwa mtu hawezi "kupatwa-kazi". Kimaana halihitaji mfasiri: mtu ameajiriwa katika karatasi na wengine, bila ya yeye kuajiriwa. Yalikuwapo na mengine: "bei ziyuan", kufanywa mtu aliyekubali kwa hiari, kama vile Mswahili aseme kwa kejeli kwamba fulani "amejitoleshwa", na "bei zisha", kusemwa kwamba umejiua, pale watu walipokuwa na shaka juu ya kifo. Katika uchaguzi wa maneno ya mwaka huo wa 2009, "bei" liliteuliwa kuwa herufi ya mwaka kwa mambo ya ndani ya China.

Tazama basi maajabu ya lugha. Huko Washington kauli ya kutendwa ilitumiwa na mkubwa ili asitaje mtenda. Huko China kauli hiyo hiyo ilitumiwa na watu wa kawaida ili kuonyesha kidole kwamba mtenda yupo, ingawa jina lake halikutajwa.

WAJIBU WA MWALIMU NA MTUMISHI

Yapo mafunzo matatu yanayotokana na haya.

La kwanza ni la mwalimu wa lugha. Zoezi la kugeuza sentensi kumi kutoka kutenda kwenda kutendwa halina faida kubwa kama mwanafunzi haulizwi swali la pili: kwa nini mwandishi angeipenda hii kuliko ile? Mpe mwanafunzi habari moja, mathalani ajali ya basi, aiandike mara tatu: kwa upande wa abiria aliyevunjika mguu, kwa upande wa dereva, na kwa upande wa mkaguzi aliyelipitisha basi bovu. Atajifunza sarufi na atajifunza haki kwa pamoja.

La pili ni la mfasiri. Lugha haihamishwi kwa kubadilisha alama moja kwa alama nyingine. Aliyeweka "bei" penye kila kitenzi cha kutendwa cha Kiingereza alikibebesha Kichina mzigo usio wake. Na anayefasiri waraka wa Kiingereza kwa Kiswahili, akaweka "-wa" penye kila "was", hutoa maandishi ambayo mwananchi huyasoma mara tatu asijue ni nani anayetakiwa kufanya nini. Aulize kwanza Mswahili angelisemaje jambo hilo, ndipo aandike.

La tatu ni la mtumishi wa umma. "Imeamuliwa kwamba ada ipande." "Faili halikuonekana." "Malipo yamechelewa." Sentensi zote tatu ni sahihi. Ya kwanza ni ya kutendwa, ya tatu ni ya kutenda, na zote ni ndugu wa ile ya mwaka 1987. Mwananchi aliyesafiri siku nzima kufuata malipo yake hataki kujua kauli ya kitenzi. Ataka kujua ni ofisi gani iliyoamua, ni nani aliyelishika faili mara ya mwisho, na arudi kwa nani.

Si lazima kila sentensi imtaje mtenda. Mtenda asipojulikana, au asipohusika, mwache apumzike. Lakini mtu aliyeumizwa na uamuzi anapouliza "nani?", jawabu liwepo mahali fulani katika karatasi ile, kwa "by", kwa "bei", kwa "na", au kwa jina na saini chini ya ukurasa.

Kabla ya kutia saini barua yake ya kesho, mtumishi na aisome mara moja zaidi, na chini ya kila kitenzi ajiulize swali hilo moja. Akiona analijua jawabu na hakuliandika, ajiulize na la pili: kwa nini?